Kuandaa ndondo ya mtaa isivunjike njiani

Ndondo, yaani mashindano ya soka ya mchangani, ikivunjika, mara nyingi huvunjika kwenye robo au nusu fainali, zawadi inapoanza kunukia. Kisa ni kile kile: timu moja inadai wenzao wamechezesha mamluki, yaani mchezaji asiyesajiliwa kwao, kamati haina karatasi ya kuthibitisha wala kukanusha, mashabiki wanaingia uwanjani. Soka lenyewe halina shida. Vijana wa Tandika, Manzese, Mbagala au Buguruni wanaujua mpira. Kinachoiponza ndondo ni usajili, ratiba na fedha, na hayo yote huamuliwa kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Maelezo haya ni kwa kamati ya mtaa inayoandaa kwa mara ya kwanza, yenye kiwanja kimoja na timu nane.

Kamati na barua

Watu saba wanatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wa usajili, wa kiwanja, wa ulinzi na wa huduma ya kwanza. Kocha au kiongozi wa timu inayoshiriki asiwe na kura kwenye rufaa, hata kama ndiye anayezijua kanuni kuliko wote. Uamuzi wake, hata ukiwa wa haki, hautakubalika kijiweni.

Andikeni barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, polisi kata na chama cha soka cha wilaya. Kiwanja kikiwa cha shule, mwalimu mkuu ndiye wa kuanza naye. Chama cha wilaya msikiruke kwa kuogopa gharama, kwa sababu ndicho chenye waamuzi, na refa anayetambulika huheshimika kuliko "kaka wa mtaani mwenye filimbi". Barua itaje tarehe, saa, idadi ya timu na jina la mtu mmoja atakayejibu simu.

Msimu mzuri kwa Dar es Salaam ni Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza viwanja vya bondeni kuwa madimbwi, na vuli huanza kusumbua kuanzia Oktoba. Angalieni Ramadhani inaangukia wapi. Angalieni pia ratiba ya Ligi Kuu: siku ya Simba na Yanga msipange chochote, maana hata wachezaji wenu watakuwa kwenye vibanda umiza wakiangalia mechi hiyo.

Timu nane, mechi 16

Gaweni makundi mawili ya timu nne. Kila kundi lina mechi 6, jumla 12. Nusu fainali 2, mshindi wa tatu 1, fainali 1. Mkicheza mbili kila Jumamosi na mbili kila Jumapili, makundi yanakwisha kwa wikiendi tatu, nusu fainali wikiendi ya nne, fainali ya tano. Timu 16 kwa mfumo huo, zikiwa na robo fainali, ni mechi 32. Kamati changa huishiwa pumzi na pesa ya waamuzi kabla ya kufika nusu. Makundi ya timu tatu yakwepeni: kila raundi timu moja inapumzika, na mechi ya mwisho wawili wanaweza kupanga matokeo yatakayomtoa wa tatu.

Hatari hiyo ipo hata kwenye kundi la nne, mechi za mwisho zisipochezwa kwa wakati mmoja. Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza zikiwa tayari zinajua matokeo ya Algeria, na kwa 1-0 wote wawili wakapita, Algeria ikatoka. Kuanzia 1986 mechi za mwisho za kundi zinaanza pamoja. Nyinyi mna kiwanja kimoja, hivyo kwa wikiendi ya tatu tu azimeni cha shule jirani. Siku moja mlimalize kundi A kwenye viwanja viwili, siku ya pili kundi B.

Saa nazo zina hesabu yake. Chezeni dakika 40 kila kipindi, mapumziko 10. Mechi ya kwanza ianze saa 8:00 mchana, iishe saa 9:35 hivi. Ya pili ianze saa 10:00. Hiyo nafasi katikati msiipunguze, kwani ndiyo inayowapa watu muda wa kuswali Alasiri na kurudi. Ya pili itaisha saa 11:35, na zikihitajika penalti mtakuwa mmemaliza kabla ya saa 12. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 kulingana na mwezi, na miezi ya kipupwe ndiyo linalowahi. Kwenye mtoano, sare iende penalti moja kwa moja. Dakika za nyongeza zimeingiza fainali nyingi gizani, na penalti ya gizani ni ugomvi uliokwisha kupikwa.

Andikeni pia, kabla ya droo, timu zikilingana pointi kitatazamwa nini kwanza: matokeo baina yao, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, kisha kura. Mpangilio wowote unafaa mradi ulisainiwa kabla ya mpira kuanza. Droo ichezeshwe hadharani, kila timu ikichukua karatasi yake yenyewe.

Usajili

Hapa msione uvivu. Kila timu isajili wachezaji wasiozidi 25 na viongozi 5. Fomu ya mchezaji iwe na majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, mtaa anaoishi, picha ndogo na sahihi yake. Namba ya kitambulisho cha taifa si lazima muiandike. Inatosha kukiona na kutia alama. Fomu zenye taarifa za watu zikizagaa kwenye makundi ya simu, mmewaumiza vijana wenu wenyewe.

Picha inayoletwa na timu haitoshi. Pangeni siku moja ya usajili, kila mchezaji afike mwenyewe, mumpige picha kwa simu ya kamati akiwa ameshika karatasi yenye jina na namba yake ya usajili. Kisha chapisheni picha za timu nzima kwenye karatasi moja au mbili za A4, zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ndiyo itakayokwenda uwanjani. Leseni za plastiki zinapendeza, lakini huazimwa; karatasi iliyo mkononi mwa kamati haiazimwi.

Wachezaji wa Ligi Kuu na wa madaraja ya chini yake ndio mjadala mkubwa wa kila ndondo. Kuwazuia kabisa kunapunguza watazamaji. Kuwaachia huru kunamfanya mwenye pesa anunue kombe. Kanuni inayokaa vizuri ni wawili kwa timu, wawe wamesajiliwa siku ile ile ya picha, na wenyewe wawe na ruhusa ya klabu zao. Baada ya makundi fungueni dirisha dogo la wachezaji watatu, kwa sababu watu huumia na wengine hupata kazi mikoani. Lifungwe siku tatu kabla ya nusu fainali, bila nyongeza ya hata saa moja.

Siku ya mechi, dakika 45 kabla ya kuanza, timu zipangwe mstari mbele ya kamisaa, yaani msimamizi wa mechi. Nahodha na meneja wa kila timu wawakague wapinzani wao wakiwa na ile karatasi ya picha. Wasome sura, wasisome jina, maana ndugu wawili hubadilishana majina kirahisi. Mwenye shaka aseme hapo hapo, iandikwe, iamuliwe. Wakimaliza, manahodha wote wawili wasaini. Kanuni iseme wazi kwamba pingamizi la sura halipokelewi baada ya mpira kuanza, isipokuwa kwa mchezaji ambaye hakuwepo kwenye mstari. Bila kifungu hicho, timu itanyamaza ikiwa na siri yake mfukoni, ikisubiri kuona kama imefungwa. Adhabu ya mamluki iwe moja: ushindi wa mezani wa 3-0 kwa mpinzani, na mchezaji huyo nje ya mashindano. Rufaa nyingine zije kwa maandishi ndani ya saa 24, na ada inayorudishwa mrufani akishinda.

Kiwanja

Mita 90 kwa 50 inakubalika kwa sheria za soka na inaingia kwenye viwanja vingi vya mitaa. Anzeni na kona moja. Ili ipate pembe ya mraba, pimeni mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili. Ncha hizo mbili zikiachana mita 5 kamili, kona imekaa. Mkimaliza zote nne pimeni mshazari: kila mmoja uwe mita 102 na sentimita 96. Ikitofautiana sana, kiwanja kimepinda na mshika kibendera atahukumu kuotea kwa mstari wa uongo. Tumieni futi kamba, kwa sababu kamba ya nailoni hurefuka ikivutwa.

Goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Eneo la penalti linatoka mita 16.5 kila upande wa nguzo na mita 16.5 kuingia ndani, kwa hiyo upana wake ni 40.32. Eneo dogo ni mita 5.5, alama ya penalti ni mita 11, duara la kati lina nusu kipenyo cha mita 9.15. Mistari yote kwa pamoja ni kama mita 630. Ikiwa mnamwaga chokaa kwa mkono, mfuko mmoja wa kilo 25 hautatosha, andaeni miwili. Chokaa iwe iliyozimwa kabisa, na hata hiyo huunguza macho na ngozi yenye jasho. Choreni asubuhi na mapema, anayemwaga avae glavu na miwani, kisha inyunyizieni maji kidogo ishike ardhi. Oili chafu msiitumie. Inaharibu udongo, inatia jezi madoa yasiyotoka, na ikiingia kwenye kidonda ni balaa.

Mirunda ya goli ifukiwe kina cha sentimita 60 au zaidi na kushindiliwa. Goli la chuma la kuhamishika lifungwe kwa vigingi chini, kila siku, kwa sababu watoto huning'inia juu yake na likianguka linaua. Nyavu si pambo. Goli lisilo na nyavu huzaa ubishi wa "ulipita nje ya nguzo" ambao hakuna refa anayeweza kuutatua. Nyavu kuukuu za wavuvi zinafaa kabisa, mradi zifungwe hadi chini pasibaki upenyo.

Asubuhi ya mechi watu kumi wajipange mstari mmoja, wavuke kiwanja polepole wakiokota chupa, vizibo na mawe. Mashimo yajazwe udongo ule ule wa kiwanja, uloweshwe na kushindiliwa. Mchanga mtupu hutawanyika kipindi cha kwanza. Maji ya kuzuia vumbi yamwagwe asubuhi, yakimwagwa saa 9 mnapata utelezi. Mpira uwe namba 5, mitatu, na sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa, la sivyo inachana vali.

Mashabiki na majeruhi

Fungeni kamba mita mbili hadi tatu nje ya mstari, na nyuma ya magoli asikae mtu. Mashabiki wanaokuja na matarumbeta kila kundi lipewe upande wake na njia yake ya kutokea. Mama ntilie na wauza maji wapewe eneo mbali na mabenchi, bodaboda zisizibe barabara. Ulinzi shirikishi wa mtaa wajue ratiba nzima. Timu nyingine hukataa kupita njia ya kawaida kwa imani zao, na mechi inachelewa kila mtu akiangaliana. Kanuni iseme kwamba timu isiyokuwa uwanjani dakika 15 baada ya muda imepoteza, na mara ya kwanza ikitokea itekelezwe.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na glavu, bandeji za kubana, shashi, maji safi na barafu, na pawepo machela. Aliyepigwa kichwa akapoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, harudi uwanjani siku hiyo, hata alilie namna gani. Aliyeshikwa na degedege msimtie kijiko wala kidole mdomoni: ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, na degedege likiisha mlazeni ubavu. Asiyepumua abonyezwe kifua mfululizo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku gari likitafutwa. Aliyevunjika mguu hapandi bodaboda. Wekeni bajaji au gari karibu, na dereva wake awe amelipwa asubiri.

Fedha na zawadi

Ada za timu zilipe uendeshaji, yaani waamuzi, chokaa, mipira, dawa na usafiri. Tuseme ada ni shilingi 50,000: timu nane zinaleta 400,000, na mechi ni 16, kwa hiyo mna 25,000 kwa kila mechi, hapana zaidi. Hesabu hiyo fanyeni kabla ya kutaja ada. Waamuzi walipwe siku ile ile, mbele ya katibu, wasaini. Refa anayedaiwa huonekana na mashabiki kama refa aliyenunuliwa.

Zawadi itoke kwa wafadhili, na isitangazwe mpaka fedha yake imefika. Ng'ombe aliyetangazwa na diwani kwa mdomo mara nyingi hugeuka mbuzi wiki ya fainali. Anayedhamini aandike anatoa nini, lini, na bango lake litakaa wapi. Sare na bendera za vyama vya siasa zibaki nje ya kamba. Mbuzi anunuliwe siku mbili kabla ya fainali, kwa sababu akikaa mwezi anakula bajeti na anaweza kuibwa. Fedha zisikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ya kikundi inayohitaji watu wawili kuidhinisha.

Ndani ya siku saba baada ya fainali, bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, rudisheni viti na turubai za kuazima, fukieni mashimo ya nguzo za kamba. Fomu na karatasi za picha zifungiwe ofisini: mwakani kijana akija na jina jipya, mtamtambua kwa sura ya mwaka huu.