Ukitaka harusi kando ya ziwa, uliza upepo kwanza

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Nisiwafiche, matanga huniletea kazi nyingi kuliko harusi. Ila kila mwaka huja vijana kadhaa, simu mkononi, wananionyesha picha ya ufuo fulani: mchanga mweupe, maji ya buluu, pazia jepesi linapepea nyuma ya bibi harusi. Wanataka vivyo hivyo, lakini Seme, au Kendu Bay, au Rusinga nyumbani kwa babu. Nawaambia inawezekana. Kisha nauliza, saa ngapi? Wananijibu tarehe. Nauliza tena: saa ngapi?

Ziwa letu, Victoria, lina ratiba yake. Alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda majini, na wavuvi wa tanga huondoka nao. Jua likishachoma ardhi, hewa ya nchi kavu hupanda na ile ya ziwani, ambayo ni baridi zaidi, huja kushika nafasi yake. Ndipo mchana upepo hugeuka, ukawa unatoka majini, na wavuvi wakarudi nao. Kufika saa tisa huwa umeshika kasi. Sasa tazama kadi zetu za harusi: ibada saa nne, picha saa saba, mapokezi saa nane, keki saa kumi. Yaani keki tunaikata saa ile ile ambayo hata mvuvi aliyevua miaka thelathini hathubutu kukunjua tanga lote.

Haya nilijifunza kwa hasara. Harusi yangu ya kwanza ya ufuoni, karibu na Kendu Bay, nilipiga vigingi vya chuma mchangani kama ninavyopiga kwenye nyasi za boma. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Nyar Alego," yaani binti wa Alego, "hapo hujafunga hema. Umetweka tanga." Nikacheka. Saa tisa na kitu kona moja ya hema la watu mia ikanyanyuka, kigingi kikatoka mchangani laini kama kijiko kwenye uji, nguzo ikalala juu ya meza ya keki. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ghorofa mbili za keki ziliishia mchangani, na mama wa bwana harusi hakuniambia neno hata moja, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kutukanwa. Nilirudisha pesa zote.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenionyesha. Chukua gunia la kilo hamsini, lijaze mchanga nusu, lishone mdomo. Zungushia kamba katikati, kama unavyofunga mshipi kiunoni, wala usifunge mdomoni. Chimba shimo la kufika pajani, upande ule ambao kamba ya hema inavutia, ulilaze gunia humo kwa ubavu, likae kama mtu aliyelala akiupa upepo mgongo. Fukia, kanyaga, mwaga maji kidogo, kanyaga tena. Kamba itoke ardhini kwa mshazari. Fanya hivyo kila kona na kila nguzo ya kati. Inachukua vijana wanne saa tatu nzima, na ndiyo maana bei yangu ya ufuoni si bei ya uwanja wa shule. Ukipewa bei moja kwa zote mbili, muulize mwenye hema atafunga na nini. Akisema vigingi, tafuta mwingine. Na pande za hema, ule unaotazama ziwa na ule wa nyuma yake, usizizibe kwa pazia, hata mpambaji akilia. Upepo ukiingia uwe na pa kutokea.

Kwa hiyo ratiba ninayowapa wateja ni hii: viapo saa tatu asubuhi, chakula kuanzia saa tano na nusu, keki na hotuba zimekwisha kabla ya saa nane. Hapo wazee wakapumzike, watoto wacheze, dijei aendelee. Upepo huanza kutulia jioni, na hapo ndipo mpiga picha anapopata mwanga wake. Jua letu hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, mwaka mzima, maana tuko juu ya ikweta hasa. Lakini jihadhari: si kila ufuo una machweo majini. Kendu Bay inatazama kaskazini, Seme inatazama kusini. Jua litatua ubavuni, nyuma ya miti ya mtu. Ukitaka lile duara jekundu linalozama majini, nenda Dunga au Hippo Point hapa Kisumu, au upande wa magharibi wa Rusinga.

Kukagua mahali, nenda mara mbili: asubuhi na saa kumi jioni. Nilikuwa na wateja waliopenda ufuo mmoja karibu na mjini. Walikwenda saa mbili asubuhi, maji yanameta, wakalipa siku hiyo hiyo. Bwana harusi alitaka kuingia kwa boti, suti nyeupe, ngoma ya ohangla inapigwa. Siku yenyewe akaja saa nane, na upepo ulikuwa umesukuma magugu maji yote ya ghuba hadi kwetu. Ufuo mzima ulikuwa shamba la kijani. Injini ya boti ilimeza magugu ikazima hatua sitini hivi kutoka nchi kavu, na bibi harusi akasimama akimtazama mume wake akisukumwa kwa mti kama gunia la omena, yaani dagaa. Ukitaka boti, iwe asubuhi, kila mtu avae jaketi okozi, hata kama inaficha tai.

Ukiwa kwenye ukaguzi, uliza maji yalifika wapi mwaka 2020. Mwaka huo ziwa lilipanda likameza fuo, mashamba na nyumba za watu. Wenyeji watakuonyesha alama kwenye ukuta au mti uliokufa umesimama majini. Weka hema juu ya alama hiyo. Angalia barabara pia: udongo mweusi ukinyeshewa, lori la viti halipandi wala halishuki. Nimewahi kubeba viti mia tatu kichwani, mimi na wanakijiji, kilomita moja na nusu. Leo naicheka hadithi hiyo, siku ile sikuicheka.

Halafu, ufuo una wenyewe. Kila gati la samaki lina kamati yake, BMU, na ina mwenyekiti. Usiongee na mwenye shamba la jirani tu ukadhani umemaliza. Nenda ukasalimie, na usiende mikono mitupu. Waeleze saa zako, maana asubuhi ndipo mitumbwi inaleta samaki, nyavu na dagaa vimeanikwa kila mahali. Wakikubali, wao ndio watakaofagia, watakaokuuzia ngege na mbuta wabichi asubuhi ile ile, na watakaowazuia walevi. Mahali pengine pa ufuoni pako chini ya shirika la wanyamapori, kama hifadhi ya Impala hapa mjini au kisiwa cha Ndere. Huko kibali ni chao, na tangu Juni 2020 chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, kwa hiyo panga mitungi mikubwa na vikombe.

Tarehe. Mtaniona mkali hapa, lakini Jumamosi ya Nyanza ni ya mazishi. Mahema yangu, viti vyangu, kwaya, mapadri, magari, hata wajomba zako wote wana matanga Jumamosi. Na mtu akifariki kwenye boma la jirani wiki hiyo, muziki wako utanyamaza, hutahitaji kuambiwa. Alhamisi na Jumapili ni nafuu zaidi. Ukioa kwa Wasabato, ambao upande wa Kendu Bay ni wengi tangu misheni ya Gendia ya 1906, Jumamosi haipo kabisa, ni Jumapili. Epuka Machi hadi Mei kwa sababu ya mvua za masika. Januari na Februari ni jua, mimi ndizo ninazozipenda.

Tazama pia mwezi wa angani, si wa kalenda tu. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, hutoka kwa wingi siku za mwezi mwandamo, na hufuata taa. Harusi ikiendelea usiku, tundika balbu moja kali mbali, hatua hamsini kutoka kwenye chakula, upande wa ziwani, uiache iwakusanye. Karibu na meza tumia taa hafifu za manjano. La sivyo pilau itakuwa na nyama ambayo hukuinunua.

Upande wa sheria nitapita haraka. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kwa ya kiserikali, ilani itolewe angalau siku 21 kabla, na muwe na mashahidi wawili. Msiende kwa msajili wiki ya mwisho mkidhani mtambembeleza. Wakatoliki, zungumzeni na paroko mapema, kwa sababu kwa kawaida viapo ni kanisani na nje ya hapo lazima askofu aruhusu. Wengi hufunga ndoa kanisani asubuhi na kuja ziwani kula. Na ayie, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, pamoja na mahari yapangwe miezi mapema. Nimewahi kuona hema limesimama, sufuria ziko motoni, na wajomba wamekaa chini ya mwembe wakisema bado kuna ng'ombe wawili.

Mpiga picha akiwaambia ninyi wawili muingie majini hadi magotini, gauni likielea, kataeni. Maji ya kina kifupi, yenye majani na konokono, ndiyo makao ya kichocho, na kinapenya ngozi bila wewe kuhisi chochote. Simameni kwenye mtumbwi uliovutwa nchi kavu, au juu ya mwamba. Picha ni ile ile. Na giza likianza kuingia ondokeni ukingoni. Viboko hupanda kula majani usiku, na kiboko haulizi kama wewe ni bibi harusi.

Idadi ya watu: kijijini kadi ni heshima tu, si tiketi. Ukichapisha kadi mia tatu, pika ya mia tano, na uniagize hema moja la ziada lisilo na mapambo. Majirani watakaa hapo, wala hawatalalamika, mradi sahani zifike. Samaki wakaangwe wageni wakishaketi, si alfajiri. Samaki huliwa kwa mkono, kwa hiyo hesabu maji ya kunawa: mimi hutumia mtungi wa lita ishirini kwa kila watu ishirini na tano. Vyoo viwekwe upande ambao upepo wa mchana unaelekea, yaani nyuma ya wageni, mbali na maji. Ahadi za michango kwenye kamati ya harusi msizihesabu kama pesa mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie kwa mweka hazina.

Mimi hung'oa mahema asubuhi inayofuata, si usiku, kwa ajili ya viboko na kwa ajili ya vijana wangu kuchoka. Magunia tunayafukua na kuumwaga mchanga pale pale tulipouchota. Halafu huwa tunahesabu viti, na daima hupungua vinne au vitano. Ukinipigia saa moja asubuhi kuomba radhi, usijali. Shuka hadi kwenye gati: utavikuta huko, wazee wamevikalia, wanashona nyavu.