Kelele bwawani, samaki wako wanasikia na wanaongea

Wafugaji wengi wanaangalia joto la maji, rangi ya maji, wenye kipimo wanapima na oksijeni, ila kelele hakuna anayeihesabu. Wakati samaki anasikia vizuri tu, na tena anaongea. Sikio la nje hana lakini ndani ya kichwa analo, lina vijiwe vidogo vinavyotikisika sauti ikipita, na ubavuni ana ule mstari unaohisi maji yakichezacheza karibu yake. Halafu sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, hewani ni kama 340 tu, kwahiyo mtikisiko wa pampu ukiingia bwawani hakuna kona ya kujificha.

Wanaongeaje sasa? Wengi wanatumia kibofu cha hewa kilichopo tumboni, misuli inakipigapiga kama ngoma ndo unatoka mguno. Wengine wanasugua mwiba wa pezi la kifuani kwenye kiungo chake, yule samaki anayeitwa gogogo ukimtoa majini utamsikia kabisa anakwaruza. Perege dume naye akishachimba kiota chake chini anatoa milio mifupi mizito, akilinda eneo lake na akimbembeleza jike aje kutaga. Kwahiyo kama una bwawa la wazazi na jenereta inanguruma ukingoni kutwa nzima, ujue unawaharibia mazungumzo pale pale unapotegemea kupata vifaranga.

Kambale ni wa kuangaliwa zaidi, manake ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio, kwahiyo anasikia hata milio ambayo perege haipati. Samaki akishtuliwa mara kwa mara anaacha kula, chakula kinazama kinaoza na maji yanachafuka, hasara juu ya hasara. Kelele kubwa ya muda mrefu inaweza hata kupunguza usikivu wake, samaki wa dhahabu walishajaribiwa na ikaonekana. Ila wakigoma kula usikimbilie kusema ni kelele, anza na oksijeni, joto na magonjwa kwanza.

Stori na redio ukingoni zisikutishe sana, sauti ya hewani nyingi inagonga uso wa maji na kurudi. Shida ni kile kinachogusa maji, ukuta au udongo. Pampu iliyofungwa kwenye ukuta wa tenki ndo mbaya kuliko zote, itoe, iweke kwenye msingi wake pembeni, chini yake tandika vipande vya tairi kuukuu, na kati ya pampu na bomba gumu unganisha kipande cha mpira laini ili mtikisiko ufie hapo. Bearingi ikianza kulia badilisha. Unataka kujua hali ikoje? Chovya mti mkavu majini, ncha ya juu ibane sikioni usikilize. Lakini mashine ya kuongeza hewa usiizime kisa kelele, hasa alfajiri oksijeni inaposhuka, samaki akikosa hewa atakufa, we punguza mtikisiko wake tu.

Na sauti unaweza kuifanya ikusaidie. Mwaka 1923 Karl von Frisch, yule mtaalamu wa nyuki, aliandika jinsi alivyomfundisha samaki wa jamii ya kambale, kipofu, kuja kula akisikia filimbi. Wewe chagua mlio mmoja, tuseme kugonga mti uliosimama majini mara tatu, gonga kila siku kabla tu ya kumwaga chakula, sehemu ileile saa zilezile, watazoea waje. Wakijikusanya hivyo ndo unawaona vizuri, nani ana kidonda, nani amedumaa, na siku wasipokuja unajua mapema kuna kitu. Ila siku ya kuvua usiwaite kwa mlio huohuo ukawatupia wavu, wale watakaoponyoka watauogopa na utaanza kuwafundisha upya.