Nyumba ya zamani Mji Mkongwe: chokonoa ncha za boriti kabla hujalipa

Mimi ni mwashi wa chokaa. Mtu akiniita nimtizamie nyumba ya zamani hapa Unguja, siangalii mlango wa nakshi. Napanda darini kwanza, khasa wakati wa masika, nione maji yanaingilia wapi: bati lililotoboka, mfereji ulioziba, mche uliootea ukutani. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Zikinywa maji miaka mingi, hulegea.

Kisha nayafuata maji kwenda chini. Choo au tangi lililoongezwa ghorofani nalikagua sana. Nje, gonga lipu ya saruji: ikitoa mlio wa uwazi, imeachana na ukuta, na nyuma yake pana unyevu na chumvi. Saruji haiuachii ukuta wa chokaa upumue, na inaniuma kuona bado inapakwa.

Sasa boriti. Ni miti ya mikoko, haifiki mbali, ndiyo maana vyumba vina upana wa kama mita 3 tu. Katikati boriti huonekana kavu na ngumu, lakini inaozea pale inapoingia ukutani, na mchwa huanzia hapohapo. Chukua tochi na bisibisi, uichokonoe kila ncha. Bisibisi ikizama, boriti hiyo haibebi kitu. Pakiwa na dari ya mbao, omba ubao mmoja wa pembeni ufunguliwe. Mwenye nyumba akikataa, mimi huondoka.

Nyufa nyembamba za lipu zisikutishe. Ogopa ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha, na ule wa wima ukuta wa mbele unapokutana na wa kati. Teremsha timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, uone kama ukuta umetoka tumbo. Bandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa jasi, andika tarehe; kikipasuka, ukuta unatembea.

Ukiona hayo, usimruhusu fundi abomoe chochote. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 hapahapa Mji Mkongwe, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu walikufa. Wahamishe wanaolala chini ya boriti au ukuta huo mbovu, tegemeza boriti kwa mirunda kuanzia ghorofa ya chini, kisha mwite mhandisi anayeijua chokaa na uiarifu Mamlaka ya Mji Mkongwe.