Friji Inaonyesha Kodi ya Hitilafu: Anza Hapa Kabla ya Kununua Kifaa

Friji ikianza kuandika herufi pale panapokaa namba za ubaridi, wengi hufanya moja kati ya mawili: kuchomoa plagi na kuirudisha papo hapo, au kukimbilia dukani kununua kifaa kilichotajwa na kodi, yaani hizo herufi za hitilafu. Mimi nimeshayafanya yote mawili, na la pili lilinigharimu. Friji ya mteja ilionyesha kodi ya feni ya friza. Nikafunga feni mpya, ikazunguka vizuri, nikalipwa, nikaondoka. Siku ya tisa akanipigia: kodi ni ile ile. Feni ya zamani haikuwa na kosa lolote, ilikuwa imebanwa na barafu. Kodi inakutajia nani amelalamika; mkosaji mara nyingi ni mwingine.

Maelezo haya ni ya friji zenye feni ndani, zile ambazo kwa kawaida huoni barafu kwenye kuta za friza. Andaa bisibisi, tochi na mataulo makuukuu. Mita ya umeme ukiwa nayo itakufaa mwishoni.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni hitilafu

Piga picha ya skrini kabla hujagusa chochote, maana ukikata umeme kodi inaweza kufutika. Kisha isome vizuri. Neno OFF kwenye LG, au OF kwenye Samsung, kwa kawaida si ubovu. Ni hali ya maonyesho ya dukani: taa zinawaka, skrini inafanya kazi, lakini kompresa (pampu ya gesi) haipoozi. Kitabu cha friji kinataja vitufe vya kubonyeza ili kuiondoa. Namba za ubaridi zikiwaka na kuzima, huenda mlango ulibaki wazi tu au sufuria ya moto iliingizwa ndani.

Hatua ya 2: Chomoa plagi, subiri dakika 10

Dakika 10 kweli, si sekunde 10. Gesi inahitaji muda wa kusawazisha msukumo wake ndani ya mabomba. Ukirudisha umeme haraka, kompresa inahangaika kuanza, inapata moto na kujikata. Bodi ya umeme inayoongoza friji nayo inahitaji muda wa kupoteza chaji iliyobaki. Wakati unasubiri, pangusa vumbi mgongoni na chini ya friji.

Kodi ikiondoka usishangilie bado. Nyingi huchukua saa kadhaa kurudi.

Hatua ya 3: Tambua kodi ni ya kundi gani

Kwenye LG, Er FF ni feni ya friza, Er rF ni feni ya upande wa friji, Er FS na Er rS ni sensa (vipima ubaridi) za pande hizo mbili, Er dH ni mfumo wa kuyeyusha barafu, na Er CO ni mawasiliano kati ya bodi kuu na skrini. Kwenye Samsung, 22E au 22C ni feni ya upande wa friji. Chapa nyingine zina kodi zake, kwa hiyo usitumie jedwali la chapa moja kwa nyingine.

Er CF iweke pembeni. Hiyo ni feni ya nje, karibu na kompresa, na adui yake ni vumbi. Feni za ndani, sensa na hita ya kuyeyushia barafu hukaa kwenye njia ya hewa baridi, nyingi zikiwa nyuma ya ubao wa plastiki unaofunika koili (mabomba yanayopooza hewa). Koili ikiganda kupita kiasi, chochote kati ya hivyo kinaweza kulalamika. Ndiyo maana naanza na barafu hata kodi iseme feni.

Hatua ya 4: Yeyusha barafu yote

Hamishia chakula kwenye friji nyingine au boksi la barafu. Nyama na maziwa vikikaa kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2, usivirudishe. Chomoa plagi, acha milango wazi, tandaza mataulo chini, na uiache saa 24. Saa 3 au 4 hazitoshi: ukuta utaonekana mkavu huku nyuma ya ubao kuna pande la barafu.

Usichokonoe kwa kisu. Koili ni ya alumini nyembamba, na friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Tundu moja linageuza kazi ya bure kuwa friji ya kutupwa. Kabla ya kuwasha, mimina maji ya uvuguvugu kidogo kwenye tundu la kutolea maji chini ya koili. Yakigoma kushuka, umepata sababu mojawapo ya barafu hiyo.

Hatua ya 5: Washa, kisha hesabu siku

Hapa ndipo friji inapojieleza. Andika tarehe na saa uliyowasha.

Kodi ikirudi ndani ya siku hiyo hiyo, na barafu haijapata muda wa kujaa, basi shuku kifaa chenyewe au waya wake. Kwa feni, kufungua mlango tu hakutoshi kuisikiliza. Friji nyingi huizima mlango ukifunguliwa. Bonyeza swichi ya mlango kwa kidole huku mlango ukiwa wazi, subiri kidogo, sikiliza.

Kodi ikirudi baada ya wiki moja au mbili, mara nyingi feni haina kosa. Barafu inajirundika polepole kwa sababu haiyeyushwi, au kwa sababu hewa yenye unyevu inaingia. Bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ya mlango pale imelegea. Rudia kuzunguka mlango mzima, hasa kwenye kona na upande wa bawaba.

Isiporudi kabisa, huenda mlango uliachwa wazi siku moja na mambo yameishia hapo.

Hatua ya 6: Kwa mwenye mita

Plagi iwe imechomolewa. Fungua ubao wa nyuma ya friza. Ukikuta koili imefunikwa barafu nene kila mahali, mfumo wa kuyeyusha haufanyi kazi. Ikiwa barafu iko kipande kimoja tu na kwingine kukavu, shuku upungufu wa gesi.

Hita ya wati 200 kwa umeme wa volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 264. Mita isipoonyesha njia kabisa, hita imekatika. Sensa usiipime mara moja tu: isome ikiwa kwenye joto la chumba, kisha itumbukize kwenye maji yenye barafu. Katika sensa za kawaida za friji, omu zinapaswa kupanda taratibu. Zikibaki palepale au kurukaruka, badilisha sensa.

Mtego mmoja: fyuzi ya joto inapaswa kupitisha umeme wakati wote, lakini termostati ya kuyeyushia (swichi inayofuata ubaridi) hupitisha ikiwa imeganda tu. Ukiipima ikiwa na joto utaihukumu bure. Mafundi wengi wameitupa nzima, nami nikiwemo.

Pa kuishia

Mabomba ya gesi na bodi ya kompresa ya inveta (inayobadilisha kasi) mwachie fundi. Kapasita za bodi hiyo hubaki na chaji ya hatari hata plagi ikiwa nje. Akifika, mpe ile picha ya kodi na idadi ya siku zilizopita kabla haijarudi. Akitaja bei ya feni kabla hajaulizia siku hizo, mwombe kwanza afungue ule ubao wa nyuma mtazame pamoja.