Kufuatilia asili ya jahazi kuukuu

Usianze na jina lililoandikwa tezini, yaani nyuma ya chombo: jina hubadilika kila chombo kinapouzwa. Anza na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Mbao za ubavuni na mataruma (mbavu za ndani) hubadilishwa yakioza, ila mkuku hubadilishwa kwa nadra kwa kuwa kazi yake ni kama kuunda chombo upya.

Subiri bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yakipwa chombo kikae mchangani. Pima mkuku kwa mita, kisha ugawanye kwa 0.46 upate mikono, maana fundi wa zamani alipima kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Tazama omo, yaani mbele ya chombo: lililosimama wima ni la Lamu, lililolala ni la Unguja.

Kwangua kidogo kalafati, pamba iliyozibia nyufa za mbao, utazame misumari. Iliyofuliwa kwa mkono ni ya pembe nne; ya mviringo yenye zinki ni ya dukani, na mara nyingi huonyesha ubao uliotiwa baadaye. Chora kila ubao daftarini. Wengi hukosea hapa: huona msumari mmoja wa kale, wakadai chombo kizima ni cha kale.

Mwisho waulize nahodha na fundi, kila mmoja peke yake. Wakiketi pamoja, mmoja humfuata mwenziwe. Leseni za zamani zilinganishe kwa vipimo, si kwa jina.