Unajenga Land Cruiser ya dizeli? Manyuo au oto, anza na kazi ya gari

Wakuu, hili swali la giaboksi ya manyuo (ya klachi) au oto (inayobadili gia yenyewe) huwa linajibiwa kwa ushabiki, kila mtu anatetea anachoendesha. Mi nasema angalia kwanza gari itafanya kazi gani na injini ina torki (nguvu ya kuvuta) kiasi gani, mfuko baadae.

Tuseme una pikapu ya 70 series yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ya silinda sita isiyo na tabo. Hiyo inatoa torki kama Nm 285 tu injini ikizunguka resi 2,200 hivi kwa dakika, weka manyuo usiumize kichwa. Oto inapoteza nguvu kwenye torki konveta (inayokaa badala ya klachi) na hii injini haina nguvu ya kupoteza, ukipakia mzigo kila mlima utaisikia inavyohangaika. Giaboksi ya manyuo ya H151F inakaa yenyewe bila kuchonga chochote, na fundi aliyezoea Land Cruiser anaifungua hata chini ya mwembe. Halafu ukishuka mlima Kitonga na tani mgongoni unatia gia ya pili, injini inaishika gari, breki haziungui.

Ukifunga tabo au ukileta injini ya 1HD-FT, ile 4.2 yenye tabo, hesabu inabadilika, hapo klachi ya kawaida ndo italia kwanza, itabidi uweke nzito. Na wanaoamini manyuo siku zote ni imara kuliko oto waangalie Hilux ya 2.8 ya kuanzia 2020, injini ileile ila Toyota wenyewe oto wameipa Nm 500, manyuo wameibana kwenye 420. Hata 70 series waliyoirudisha Japani 2023 ni oto ya gia 6 tu. Kwenye mchanga ndo usiseme, oto inabadili gia bila kukata nguvu, wakati manyuo ukikanyaga tu klachi pale gari imeshazama.

Adui wa oto ni joto. Usipokuwa na hela ya rejeta ya pembeni ya kupozea haidroliki (mafuta ya giaboksi ya oto), iwekwe mbele inapopigwa na upepo, pamoja na geji ya joto lake, basi achana na oto kabisa. Na usidanganywe ukauziwa oto iliyotoka kwenye injini ya petroli, ile imepangwa kubadili gia kwenye resi za juu ambazo dizeli hazifiki, itakusumbua mpaka uichukie.

Kabla hujalipa, oto chomoa stiki ya kupimia haidroliki ufute kwenye kitambaa cheupe: haidroliki ikiwa nyekundu safi endelea, ikiwa kahawia na inanukia kuungua ondoka. Manyuo iliyo kwenye gari vuta hendibreki, tia gia ya nne, achia klachi taratibu. Injini izime hapohapo, ikiendelea kunguruma ujue klachi inateleza, kata bei au mwachie mwenyewe.