Kuandaa siku ya mafunzo ya lipu ya chokaa kwa wasanifu majengo, Mji Mkongwe

Mafunzo mengi ya kujiendeleza kitaaluma huishia ukumbini: projekta, chai, cheti, kwaheri. Msanifu anarudi ofisini, anafungua mchoro wa nyumba ya mawe ya Shangani au Malindi, na anaandika "lipu ya saruji, mm 20" kama alivyoandika mwaka jana. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandaa siku moja itakayobadilisha mstari huo. Umepangwa kwa watu 12 hadi 16. Wakizidi hapo, nusu yao watabaki kutazama migongo ya wenzao.

Hatua ya 1: Anza na uamuzi, mada itafuata

"Uhifadhi wa majengo ya kale" ni jina la kitabu, halitoshi kuwa lengo la siku moja. Andika sentensi moja inayotaja kitu ambacho mshiriki ataweza kukifanya jioni na hakukiweza asubuhi. Hapa tunatumia hii: mshiriki ataweza kupima unyevu wa ukuta wa mawe ya matumbawe na kuandika kifungu cha lipu ya chokaa ambacho fundi anaweza kukifuata bila kumpigia simu.

Sentensi hiyo, ratiba, wasifu wa wakufunzi na namna utakavyowapima washiriki ndivyo viambatanisho vya ombi lako kwa bodi inayosajili wasanifu majengo, ili saa za mafunzo haya zitambuliwe kuwa za kujiendeleza kitaaluma. Peleka ombi kabla ya kutangaza tarehe. Ukitangaza "saa zitatambuliwa" kabla hazijatambuliwa, utakuja kuulizwa wewe.

Hatua ya 2: Chagua msimu na siku

Epuka Masika, Machi hadi Mei, kwa sababu lipu haikauki na kila ukuta unaonekana mgonjwa. Kaskazi nayo ina jua kali na upepo mkavu unaonyonya maji ya lipu kabla haijashika. Wakati mzuri ni Kusi, Juni hadi Septemba. Angalia pia Ramadhani imeangukia wapi, na usipange Ijumaa. Wenzetu wa Pemba wape taarifa mapema, kwani huwalazimu kuvuka siku moja kabla.

Hatua ya 3: Nyumba na ruhusa

Unahitaji nyumba yenye kuta mbili za chini za kulinganisha: moja iliyobaki na lipu ya chokaa, nyingine iliyopigwa saruji. Mji Mkongwe hutazitafuta kwa muda mrefu.

Ruhusa ni za watu watatu. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa sababu utagusa ukuta ndani ya eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwenye nyumba, ambaye anaweza kuwa mtu binafsi, Serikali au Wakfu. Na mpangaji anayeishi humo, ambaye mara nyingi husahauliwa mpaka watu 16 wanapopiga hodi mlangoni kwake na ndoo za mchanga. Barua zote ziwe mkononi kabla hujaagiza chochote.

Kisha ikague nyumba kwa usalama. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka Disemba 25, 2020 ikiwa katikati ya matengenezo, kwa hiyo kiunzi na mafundi ndani ya jengo si ushahidi kwamba jengo ni salama. Sakafu ya juu inabebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ukutani, na ncha hizo ndizo huoza kwanza. Toboa kila ncha unayoifikia kwa bisibisi nyembamba: ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, ghorofa hiyo haipandwi siku ya mafunzo. Hata palipo pazima, wapandishe wanne wanne, wasimame karibu na kuta na wasirundikane katikati ya chumba.

Hatua ya 4: Chokaa na mchanga

Hapa ndipo siku nyingi za vitendo huharibika, na huharibika wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Chokaa iliyotoka tanuuni ikiwa bado mawe inazimwa kwenye maji, kisha inaachwa iive si chini ya wiki 3. Miezi 3 ni bora zaidi. Tia chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka kwelikweli na kurusha matone yanayounguza, kwa hiyo tumia pipa la chuma, miwani na glovu ndefu, na weka ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya macho. Ikishatulia ichuje, kisha iweke na maji ya kina cha sm 5 juu yake ili hewa isiifikie. Iliyoiva hukatika kwa mwiko kama samli iliyoganda. Punje ambazo hazikuzimika huendelea kuzimika zikiwa tayari ukutani. Zinavimba na kurusha vipande vya lipu, ukuta unabaki na vishimo kama umeugua ndui.

Chokaa ya unga ya dukani inawezekana, lakini ipime kwanza. Hewa yetu ya bahari hupenya gunia, na chokaa inarudi kuwa chaki pole pole bila kubadilika sura. Koroga kijiko kimoja katika maji na uchovye karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi au alikali): chokaa hai hutoa 12 au zaidi. Ukipata 8 au 9, umenunua rangi nyeupe ya gharama.

Mchanga usiwe wa ufukweni. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na lipu hiyo itatoka jasho kila Masika kwa miaka. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali, upitishe kwenye chekeche ya mm 5, kisha fanya jaribio ambalo washiriki nao watalirudia. Jaza mchanga mkavu kwenye chombo cha lita 1, umimine maji kutoka chombo cha kupimia mpaka yafike usoni mwa mchanga. Maji yaliyoingia ndiyo nafasi iliyoko kati ya chembe, na nafasi hiyo ndiyo inayotakiwa kujazwa na chokaa. Yakiingia mililita 330, uwiano ni 1:3. Yakiingia 400, ni 1:2.5. Wasanifu wengi wameandika 1:3 miaka yote bila kujua ilikotoka, na dakika hizi kumi huwakaa kuliko hotuba yoyote. Sisitiza mchanga uwe mkavu: ukiwa na unyevunyevu huvimba, na ndoo uliyoihesabu kuwa kamili inakosa hadi robo ya mchanga.

Kiasi: vikundi 4, kila kimoja kipande cha ukuta cha mita 1 kwa 1, unene wa jumla mm 20. Hiyo ni lita 20 za mchanganyiko, lakini mawe ya matumbawe yana mabonde na mikono ni migeni, kwa hiyo hesabu lita 30. Chokaa inajaza nafasi tu, haiongezi ujazo sana, hivyo kila kikundi kinahitaji lita 30 za mchanga na lita 10 za chokaa. Jumla ni ndoo 6 za mchanga na ndoo 2 za chokaa, ndoo za lita 20. Ongeza ndoo moja ya mchanga kwa majaribio. Kila kikundi kiwe na karai, miiko miwili, sepeto, timazi na magunia mawili.

Jambo la mwisho: tabaka la pili halipigwi siku moja na la kwanza. Fundi wako apige tabaka la kwanza nusu ya kila kipande wiki moja kabla. Siku ya mafunzo washiriki wapige la kwanza kwenye nusu tupu na la pili kwenye nusu iliyotayarishwa. Bila hivyo utakuwa unawaambia habari za tabaka la pili kwa mdomo.

Hatua ya 5: Asubuhi, kusoma ukuta (saa 2:30 hadi 4:30)

Nusu saa ya kwanza, kuanzia saa 2:00, ni ya kujiandikisha na maelezo ya usalama. Kisha wapeleke ukutani moja kwa moja, bila slaidi.

Wagonge lipu kwa kitako cha bisibisi na kuzungushia chaki kila panapolia patupu. Wachore mstari wa juu kabisa wa unyevu na wa chumvi. Kwenye ukuta wa saruji mstari huo mara nyingi uko juu zaidi, kwa sababu maji yamezuiwa kutoka usoni, yanapanda mpaka yapate upenyo, na upenyo wenyewe mara nyingi ni pale ncha za boriti zilipo.

Kabla ya yeyote kutamka "maji ya ardhini", watoke nje. Waangalie mlizamu wa paani unamwaga wapi, bomba la choo limepita wapi, mashine ya kiyoyozi inadondoshea nini, na kama uchochoro umeinuliwa kupita kiwango cha sakafu. Visa vingi huishia hapo nje.

Kipimo cha unyevu cha umeme, kile cha pini mbili, waonyeshe kinavyodanganya. Kimetengenezwa kwa ajili ya mbao, na chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo ukuta mkavu wenye chumvi unasomeka umelowa chepechepe. Njia ya uhakika ni kupima uzito. Toboa kwa keekee ya mm 10, mwendo wa pole pole ili joto lisikaushe unga, katika urefu wa mita 0.3, 1.0 na 1.8. Weka kila unga kwenye kichupa kinachofungwa, upime, ukaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 105 mpaka uzito usipungue tena, upime tena. Gramu 50 zikibaki 46, maji ni 4, na 4 kwa 46 ni asilimia 8.7. Kwa vile ukaushaji unachukua usiku kucha, toboa wewe siku mbili kabla ili majibu yawepo; wao watoboe mashimo yao na matokeo watumiwe.

Hakuna siku ipitayo bila mtu kupendekeza kuyeyusha lipu ya zamani kwa asidi ili kujua uwiano wake. Vitabu vya kwingineko vinashauri hivyo. Hapa mchanga na kokoto za matumbawe nazo ni kaboneti ya kalisi, zinayeyuka pamoja na chokaa, na jibu linaonyesha chokaa nyingi kuliko iliyowekwa. Tumia kioo cha kukuzia, au peleka kipande maabara kikaangaliwe kwa hadubini.

Hatua ya 6: Kuchanganya na kupiga (saa 5:00 hadi 6:30)

Mkufunzi wa saa hii ni fundi, na alipwe kama mkufunzi, si posho ya nauli. Msanifu amwite Fundi na amsikilize.

Mchanganyiko utaonekana mgumu mno. Mtu atasema, "Fundi, tuongeze maji kidogo." Jibu ni hapana: maji yamo ndani ya chokaa, yanatoka kwa kupondwa. Ponda kwa mpini au kitako cha sepeto dakika 15 hadi 20 mpaka uteleze wenyewe. Maji ya ziada ndiyo nyufa za wiki ijayo, kwa sababu yanapoondoka lipu inasinyaa.

Ukuta umwagiwe maji jioni ya jana na tena nusu saa kabla. Tabaka la kwanza linarushwa kwa mwiko, halipakwi. Mrusho hutoa hewa mashimoni. Unene usipite mm 10. Likishashika, likwaruzwe ili la pili lipate mahali pa kushika. Kisha gunia lenye maji mbele yake, lilowanishwe asubuhi na jioni kwa siku 5 hadi 7. Mlipe mtu wa nyumba hiyo kwa kazi hii, maana washiriki wakishaondoka hakuna atakayekumbuka.

Hatua ya 7: Kuandika (saa 8:00 hadi 9:30)

Baada ya Adhuhuri na chakula, nusu saa ya maelezo inatosha. Saa nzima inayobaki kila mmoja aandike kifungu chake, peke yake, kwa mkono, kisha akabidhi kwa fundi akisome kwa sauti. Fundi akikwama, kifungu kimekwama.

"Lipu ya chokaa kwa idhini ya msimamizi" ni kifungu kitupu. Kinachofaa kinasomeka hivi: "Ondoa saruji yote kwa tindo na nyundo, bila mashine. Chokaa iliyozimwa na kuiva wiki 3 au zaidi; mchanga usio wa bahari, uliopita chekeche ya mm 5; uwiano 1:3, uthibitishwe kwa jaribio la maji. Matabaka mawili, kila moja mm 10 au pungufu. Lowanisha ukuta jana yake. Funika kwa magunia yenye maji siku 7. Saruji isiongezwe kwa kiasi chochote. Kipande cha mfano cha mita 1 kikubaliwe kabla ya kazi kuendelea." Kwenye mstari wa saruji ndipo mabishano hutokea, kwa sababu mkandarasi hupenda "kijiko kimoja tu ishike haraka". Waache wabishane, wako karibu na kuta mbili zenye jibu.

Hatua ya 8: Kuhesabu saa

Saini ya kuingia na ya kutoka. Washiriki wamekuwepo saa 7 na nusu, lakini kujiandikisha, chai, swala na chakula havihesabiwi. Cheti kiandike saa 5, pamoja na lengo la Hatua ya 1. Asiyekabidhi kifungu apewe barua ya kuhudhuria badala ya cheti.

Baada ya siku 28 waite tena kwa saa moja. Vunja kipande kidogo cha lipu, udondoshee fenolfuthaleini, kemikali ya kupimia inayogeuka waridi kwenye alikali, kwenye uso uliovunjika. Palipogeuka waridi chokaa bado haijarudi kuwa jiwe; palipobaki bila rangi imekwisha kubadilika. Wapime kwa rula, walinganishe vikundi vinne, na wakague nyufa. Kikundi kilichoongeza maji kitajulikana bila kuulizwa. Asiyefika, saa hiyo ya 6 isiandikwe kwenye rekodi yake.